Mtoto umleavyo: kisa cha pacha wa Winnipeg

NDUGU msomaji, katika lugha yetu imo methali ambayo hakuna mzazi asiyeijua: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Twaitumia kumsuta jirani aliyemwacha mwanawe azurure, na twaitumia kujisifu wenyewe wanetu wanapofaulu. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza methali hii yafika wapi. Je, malezi yanaweza kumfanya mtoto aliyezaliwa mvulana awe msichana, ajione hivyo moyoni mwake, na aishi hivyo hadi uzeeni pasipo shaka yoyote? Swali hili si mzaha wa barazani. Liliulizwa kwa dhati na mabingwa wa saikolojia wa karne iliyopita, kisha likajaribiwa juu ya mtoto aliye hai.

Kabla ya kukisimulia kisa chenyewe, hapana budi tuafikiane juu ya maneno, maana katika habari hizi watu huweza kubishana kutwa kucha, kumbe kila mmoja azungumzia jambo lake. Jinsi ni umbile la mwili, lile ambalo mkunga hulitazama mtoto anapotoka tumboni. Jinsia ni yale ambayo jamii huyafungamanisha na umbile hilo: nani apasue kuni na nani achambue mboga, nani apelekwe jandoni na nani unyagoni, nani aruhusiwe kulia mbele za watu. Haya hubadilika toka nchi hadi nchi, na hata toka babu hadi mjukuu. Lipo na jambo la tatu, ambalo halijapata jina lililozoeleka katika Kiswahili, nalo ni namna mtu mwenyewe anavyojijua ndani ya nafsi yake kuwa ni mume au ni mke. Hilo nitaliita kujitambua kijinsia. Tunapomsifu mama aliyesimamia peke yake ujenzi wa nyumba yake, tukasema "yule ni mwanamume hasa", hakuna anayedhani kwamba umbile lake limegeuka, wala yeye hajioni kuwa mwanamume. Tunachozungumzia ni lile jambo la pili, la desturi. (Sifa hiyo, kusema kweli, imebeba dharau kwa wanawake wote waliosalia, lakini hiyo ni habari ya Jumapili nyingine.)

Sasa tuje kwenye kisa. Tarehe 22 Agosti, 1965, katika mji wa Winnipeg nchini Kanada, vijana wawili, Ron na Janet Reimer, walijaliwa kupata mapacha wa kiume waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Waliwaita Bruce na Brian. Watoto walipofikisha miezi saba hivi, mama aliona kwamba walilia kila walipokojoa, na madaktari wakashauri watahiriwe. Aprili 27, 1966, Bruce alitangulia. Badala ya kisu, daktari alitumia kifaa cha umeme kinachokata kwa moto, nacho kikaunguza uume wa mtoto kiasi kwamba haukubaki. Brian hakutahiriwa tena. Ile taabu yake ya kukojoa iliondoka yenyewe, bila dawa wala kisu.

Wazazi, wenyewe wakiwa bado vijana wa miaka ishirini na kidogo, walihangaika toka daktari huyu hadi yule wasipate la kushika. Ndipo siku moja mwezi Februari, 1967, walipomwona katika televisheni mtaalamu mmoja mwenye maneno mazuri, John Money. Huyu alizaliwa New Zealand mwaka 1921, na wakati huo alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Tangu mwaka 1955, yeye pamoja na madaktari Joan na John Hampson, mtu na mumewe, walikuwa wakiandika juu ya watoto huntha, yaani wale wanaozaliwa na umbile lisilobainika wazi kuwa la kike au la kiume. Walikuwa wamewaona watoto wenye maumbile yaliyokaribiana, mmoja amelelewa kama mvulana na mwingine kama msichana, na kila mmoja akakua akiridhika na hali aliyolelewa nayo. Wakahitimisha kwamba kujitambua kijinsia hufuata malezi, na kwamba mlango wa malezi hayo hubaki wazi mpaka mtoto anapokaribia miaka miwili.

Tusimfanye Money kuwa mjinga. Aliyoyaona kwa huntha aliyaona kweli. Kosa lake lilikuwa kuruka mto mpana kwa hatua moja: akasema kwamba lililo sawa kwa huntha ni sawa kwa kila mtoto, hata yule aliyezaliwa na mwili wa kiume usio na kasoro. Bruce hakuwa huntha. Alikuwa mtoto wa kiume aliyejeruhiwa.

Mwezi Julai, 1967, mtoto akiwa na umri wa miezi 22, korodani zake ziliondolewa Baltimore. Alipewa jina la Brenda, akavishwa magauni, na wazazi wakaagizwa wasimwambie kamwe yeye wala mtu mwingine yeyote. Mlango ulikuwa karibu kufungwa, kwa mujibu wa nadharia, hivyo hapakuwa na wakati wa kusitasita.

Msomaji, fikiri jinsi mtaalamu wa elimu ya nafsi alivyoweza kulitazama jambo hili. Watoto wawili, wametoka yai moja, wamekaa tumbo moja, wanalala nyumba moja, wanakula chakula kimoja. Mmoja analelewa kama mvulana na mwingine kama msichana. Hata angetafuta dunia nzima asingepata jaribio safi kuliko hilo. Mwaka 1972, Money na mwenzake Anke Ehrhardt walitoa kitabu ambamo kisa cha mapacha hawa, pasipo kutaja majina yao, kilielezwa kuwa kimefanikiwa: msichana apenda kuwa nadhifu, apenda magauni, amwiga mama yake, wakati nduguye apenda magari na mambo ya baba. Magazeti yaliidaka habari hiyo. Vitabu vya vyuo vikuu viliifundisha. Hospitali za nchi nyingi zikapata ushahidi wa kuendelea kuwapasua watoto huntha wachanga na kuwapangia jinsi, kwa imani kwamba malezi yatamaliza kazi iliyobaki.

Nyumbani Winnipeg mambo yalikuwa mengine kabisa. Brenda alipovishwa gauni kwa mara ya kwanza alijaribu kulichana. Alimnyang'anya Brian vitu vyake vya kuchezea, akapigana kama yeye, na chooni akapenda kusimama. Shuleni wasichana walimkataa na wavulana wakamcheka. Mama alijitahidi kumfundisha kukaa kwa staha na kutembea kwa staha, lakini huzuni ikamlemea. Baba akakimbilia ulevi. Kila mwaka familia ilisafiri kwenda Baltimore kwa ajili ya uchunguzi, na ukubwani ndugu wale wawili walisimulia juu ya vikao hivyo mambo ya kuwadhalilisha ambayo si ya kuandikwa katika gazeti linalosomwa na watoto. Alipofika umri wa miaka kumi na miwili hivi alianza kupewa homoni za kike, matiti yakaota. Alipoambiwa kwamba imebaki operesheni moja ili awe msichana kamili, alikataa katakata, na baadaye akakataa hata kupelekwa Baltimore.

Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote. Pamoja na homoni, magauni, madaktari na miaka kumi na miwili ya malezi, kitu kimoja ndani ya mtoto huyo hakikukubali kuinama.

Tarehe 14 Machi, 1980, baba alimchukua kwa gari kutoka kwa daktari wake wa Winnipeg, wakapita kununua aisikrimu, kisha ndani ya gari akamweleza yote. Inasimuliwa kwamba mtoto aliuliza swali moja tu: jina langu nililozaliwa nalo lilikuwa nani? Hakutaka kulirudia jina la Bruce. Alichagua David, kwa kumkumbuka yule kijana wa Biblia aliyelikabili jitu. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 14. Baadaye alieleza kwamba jambo lililomjia kwanza lilikuwa faraja, kwa kuwa hatimaye alielewa ni kwa nini alijihisi vile, na kwamba hakuwa mwendawazimu.

Ni vema nitaje hapa jambo ambalo huenda msomaji hajalitambua. Nimesimulia maisha ya mtu huyu tangu Bruce hadi David, na wala sikulazimika kuchagua kama nimwite wa kike au wa kiume katika kila sentensi. Kiswahili chasema "alikataa", "alichagua", "aliuliza", basi. Waandishi wa Kiingereza waliosimulia kisa hiki walilazimika kuamua kwa kila kitenzi, na uamuzi huo wenyewe ukawa umeshachukua upande. Lugha yetu imetuepusha na ugomvi huo, ijapokuwa haikutuepusha na ugomvi mwingine.

David alifanyiwa operesheni kadhaa za kurudisha umbile la kiume, akafanya kazi ya usafi katika machinjio, na mwaka 1990 akaoa mwanamke mwenye watoto watatu, akawalea kama wake. Mwaka 1997 ndipo ulimwengu wa kitaalamu ulipoelezwa ukweli, katika makala ya Milton Diamond wa Chuo Kikuu cha Hawaii na Keith Sigmundson, daktari wa magonjwa ya akili wa Kanada aliyeijua familia hiyo. Mwandishi John Colapinto alikiandika kisa hicho katika jarida mwaka huo huo na katika kitabu mwaka 2000, naye David akakubali jina lake litajwe, ili watoto wengine wasifanyiwe kama yeye. Brian alifariki mwaka 2002. David akapoteza kazi, ndoa ikayumba, na tarehe 4 Mei, 2004, akiwa na miaka 38, akajitoa uhai. Wapo waliotaka kukifanya kifo hicho kuwa hoja ya kushindia mjadala. Binafsi naona si haki. Mtu hafi kwa sababu moja, na mtu huyu alikuwa na misiba mingi.

Sasa, elimu ya nafsi ina lipi la kutueleza?

Nadharia kongwe ni ya Sigmund Freud wa Vienna, aliyedai kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi sita humpenda mzazi wa jinsi nyingine, humwogopa mzazi wa jinsi yake, na mwishowe humaliza hofu hiyo kwa kumwiga. Ni hadithi yenye kuvutia, lakini ushahidi wake haukupatikana, na wana wengi waliolelewa na mama wajane wamekua wanaume wasio na mashaka yoyote. Tuiache hapo.

Nadharia ya kujifunza ina nguvu zaidi, na kila mzazi ataikuta nyumbani kwake. Albert Bandura na Walter Mischel walieleza kwamba mtoto huona, huiga, na kisha husifiwa au hukaripiwa. Mwaka 1978, wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Caroline Smith na Barbara Lloyd, waliwapa akina mama mtoto mchanga asiye wao wacheze naye. Mtoto yule yule alivishwa mara nguo za kiume, mara za kike. Alipodhaniwa kuwa mvulana alipewa kinyundo cha kuchezea na kuhimizwa arukeruke. Alipodhaniwa kuwa msichana alipewa mwanasesere. Akina mama hao hawakujua kwamba wanafundisha. Nasi hatujui pia. Tazama tu jinsi tunavyosema "mwanamume halii" kwa mtoto ambaye hajamaliza miaka miwili, na goti lake linatoka damu.

Lawrence Kohlberg alikuja na wazo jingine mwaka 1966: mtoto si udongo wa mfinyanzi, naye hufikiri. Kwanza, apatapo miaka miwili au mitatu, hujua kujiita mvulana au msichana. Kisha hufahamu kwamba mvulana atakuwa baba. Mpaka afike miaka sita au saba hivi, hajawa na hakika kwamba hali hiyo haibadiliki hata mtu akivaa kanga au akisuka nywele. Wazazi waliopata kumsikia mtoto wao wa kiume wa miaka mitatu akitangaza kwamba akikua atakuwa mama na atanyonyesha, wajue kwamba hawakusikia ugonjwa. Walisikia akili changa ikiwa kazini. Sandra Bem aliongeza mwaka 1981 kwamba mtoto hujijengea akilini kitu kama kabati lenye droo mbili, na kila anachokiona hukitia katika moja: hiki cha kike, hiki cha kiume. Na kabati hilo, wajumbe, hutengenezwa na fundi aitwaye jamii.

Haya yote yaeleza vizuri sana kwa nini binti hujifunza kuketi namna hii na kijana namna ile. Lakini tukiyapeleka Winnipeg yanagota. Brenda aliona, akaiga, akasifiwa, akakaripiwa. Aliambiwa tangu utotoni kuwa ni msichana na kabati lake likajazwa. Alijifunza jinsia. Kujitambua hakukufuata.

Ndiyo maana wengine waliangalia mwilini. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Kansas, Charles Phoenix na wenzake waliwadunga homoni ya kiume simbilisi wenye mimba, wale wanyama wadogo mithili ya panya wasio na mkia. Watoto wa kike waliozaliwa walikuwa na mwenendo wa kiume walipofika umri wa kupandwa. Ikaonekana kwamba homoni za tumboni huigusa siyo tu sehemu ya siri bali na ubongo. Milton Diamond, ambaye alisoma katika chuo hicho, alimpinga Money kwa maandishi mwaka 1965, kabla ya kisa cha mapacha. Hakusikilizwa na wengi.

Kutoka Jamhuri ya Dominika ilikuja habari nyingine. Mwaka 1974, Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza juu ya kijiji cha Salinas, ambako kwa sababu ya kurithi upungufu wa kimeng'enya kimoja, baadhi ya watoto wenye kromosomu za kiume huzaliwa na umbile linaloonekana la kike, na wanapobalehe sauti hukoroma na uume hukua. Katika taarifa ya mwaka 1979, kati ya watu 18 waliolelewa kama wasichana, 17 walikuja kujitambua kuwa wanaume. Hesabu hiyo yashangaza, lakini tusiimeze nzima. Kijiji kile kilikwisha izoea hali hiyo na kuipa jina, na katika jamii ambamo mwanamume ana uhuru wa kwenda atakako, kuhama kutoka usichana kwenda uvulana si kushuka daraja. Nani ajuaye ni kiasi gani kilikuwa homoni, na kiasi gani kilikuwa ufunguo wa mlango wa nyumba?

Kisha mwaka 2004, William Reiner na John Gearhart walitoa habari za watoto 14 wenye kromosomu za kiume waliozaliwa na kasoro kubwa ya nyonga na wakapangiwa kulelewa kama wasichana. Wanane kati yao walijitangaza kuwa wavulana. Wanane, si kumi na wanne. Na mwaka 1998 madaktari wa Kanada walikuwa wameeleza habari za mtoto mwingine aliyepoteza uume kwa ajali ya tohara akiwa na miezi miwili na kufanywa msichana akiwa na miezi saba. Alipofikia miaka 26 alikuwa akiishi kama mwanamke na kujitambua hivyo, ingawa kazi na michezo aliyoipenda ilikuwa ile iitwayo ya kiume. Kwa hiyo wale wanaokishika kisa cha David na kusema "homoni ndiyo kila kitu" wanafanya lile lile alilofanya Money, ila wamegeukia upande wa pili. Wanachukua mtoto mmoja na kumfanya sheria ya watoto wote.

Hapa ndipo tunapolifikia jambo ambalo wataalamu huliita dhiki ya jinsia: mtu ambaye mwili wake hauna hitilafu inayoonekana, na hakupata ajali wala hakudanganywa na yeyote, lakini kujitambua kwake hakupatani na umbile lake, na kutopatana huko kunamtesa. Si suala la mavazi, wala si suala la nani ampende nani. Kitabu cha Marekani cha kuainisha magonjwa ya akili kiliiweka hali hiyo miongoni mwa maradhi mwaka 1980. Mwaka 2013 kilibadili jina na mkazo, kikisema kinachohitaji tiba ni ile dhiki, wala si kujitambua kwenyewe. Shirika la Afya Duniani liliiondoa kabisa katika sura ya magonjwa ya akili, kwa orodha iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022.

Na chanzo chake? Robert Stoller wa California alimtuhumu mama anayemkumbatia mno mwanawe wa kiume, na baba asiyekuwapo. Ni ajabu ilivyo rahisi kwa nadharia za kila namna kumkuta mama mlangoni! Dai hilo halikusimama. Uchunguzi wa mapacha waonyesha kwamba urithi una sehemu yake, homoni za tumboni hutajwa, na picha za ubongo zimepigwa juu ya watu wachache mno kiasi cha kutotosha kukata shauri. Hakuna kipimo cha damu wala picha iwezayo kumthibitishia mtu jambo hili. Daktari hubaki na njia moja, ambayo ni kumsikiliza mtu huyo kwa muda mrefu. Juu ya watu wazima madaktari wengi wanaafikiana namna ya kuwasaidia. Juu ya watoto hawaafikiani. Uingereza, kufuatia uchunguzi wa daktari wa watoto Hilary Cass, haikuendelea kuwapa watoto kwa kawaida dawa za kuahirisha balehe, ilhali chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikuwa kimethibitisha mwaka 2023 kwamba kinaunga mkono tiba hiyo. Mabingwa wanapogawanyika hivyo, mzazi ana haki ya kutembea polepole.

Jirani zetu wa Kenya wamelikabili lile suala la huntha mahakamani. Mtoto mmoja aliyezaliwa mwaka 2009 aliandikiwa alama ya kuuliza katika karatasi za hospitali, mahali pa kujaza jinsi. Mama yake alifungua kesi, na Desemba 2014 Mahakama Kuu ikaitaka serikali ianze kuweka kumbukumbu na mwongozo juu ya watu hao. Katika sensa ya mwaka 2019 walihesabiwa huntha 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtaja mtoto huntha na kuzuia viungo vyake kubadilishwa au kuondolewa pasipo ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki. Hapo utaona kivuli cha Winnipeg kimefika mbali.

Nimalizie kwa barua niliyoipokea kutoka kwa mama mmoja, ambayo ndiyo iliyonifanya niyaandike haya. Anasema mwanawe wa kiume wa miaka mitano hupenda kucheza kupika pamoja na dada zake, hujifunga kanga ya mama yake, na hakimbilii mpira. Shemeji zake wamemshauri amchape, na mumewe ameanza kumlaumu kwamba amemdekeza. Anauliza kama kosa ni lake.

Dada, kosa si lako, na wala hujaniambia kwamba pana kosa. Wako wasichana ambao tezi zao za juu ya figo hutoa homoni nyingi ya kiume tangu wakiwa tumboni. Wengi wao hupenda michezo ya wavulana kuliko wenzao, na bado wengi wao hujijua kuwa wasichana. Mchezo na kujitambua ni mambo mawili. Richard Green wa Marekani aliwafuatilia hadi ukubwani wavulana 44 waliokuwa na mienendo ya kike kuliko huyu wako. Wengi wao walikuja kuwa wanaume wenye kuvutiwa na wanaume, lakini ni mmoja tu aliyekuwa akifikiria kubadili umbile lake. Siwezi kukubashiria mwanao atakuwa nani, na nadharia zote nilizozieleza hapo juu haziwezi pia. Iwapo siku moja atakuambia kwa kurudia, kwa miezi na miaka, na kwa uchungu, kwamba yeye si vile mnavyomwita, mpeleke kwa daktari wa watoto au mwanasaikolojia wa hospitali, nawe ukae naye wakati akisema.

Kuhusu fimbo, mwambie shemeji yako kwamba Brenda alikaripiwa kwa miaka kumi na miwili. Na hivyo vifuu na kata ya kuchezea ulivyouliza kama umnyang'anye, mwachie. Jikoni kuna kazi nyingi, na akifika miaka kumi huenda akawa ndiye pekee katika nyumba hiyo ajuaye kupika ugali usio na mabuja.